Geti na grili karibu na bahari: chuma cha kawaida, GI (chuma kilichopakwa zinki kiwandani), stenlesi au alumini?

MkaziKigamboni: Wakuu, heshima zenu. Nyumba iko Kigamboni, upepo wa bahari unaingia mpaka jikoni. Geti la jirani lina rangi ya mwaka jana tu na kutu imeshatoka kwenye viungo. Nataka geti la magari, grili na madirisha. Bajeti ipo ila si ya kuchezea.

Fundi_Cheche: Chuma cha kawaida kina nguvu, bei nafuu, fundi yeyote mtaani anakichomelea. Adui ni chumvi: inatua, inavuta unyevu, na penye mkwaruzo kutu inatambaa chini ya rangi. Dawa yake, tengeneza geti lote kwanza, ndipo likachovywe kwenye zinki iliyoyeyuka, nyuzi 450 hivi za selsiasi. Zinki inakubali kuliwa ili chuma kipone. Mabomba yatobolewe matundu ya hewa kabla, yakiwa yamezibwa yanaweza kulipuka humo ndani. Paipu za GI za dukani si sawa na hiyo, maana ukichomelea zinki inaungua kwenye kiungo, na hapo ndipo kutu inapoanzia.

BintiPwani: Mbona hamtaji stenlesi? Ingawa yangu imetoa madoa ya kahawia, na dukani tuliipima kwa sumaku, haikushika kabisa.

InjiniaMstaafu: Dada, sumaku haikusaidii hapo. Gredi 201, 304 na 316 zote kwa kawaida hazishiki, au zinashika kidogo sana. 201 imepunguzwa nikeli ikajazwa manganizi, ndiyo maana ni rahisi. 304 ina kromiamu asilimia 18 na nikeli 8 hivi. 316 imeongezwa molibdenamu, kama asilimia 2, na hiyo ndiyo inayostahimili chumvi. Muuzaji akishindwa kuonyesha cheti cha gredi, mimi nahesabu ananiuzia 201.

mzee_wa_site: Alumini je? Nyepesi na haina kutu.

InjiniaMstaafu: Nyepesi kweli, uzito ni theluthi ya chuma. Lakini na ukakamavu wake, yaani uwezo wa kukataa kupinda, ni theluthi: gigapaskali 70 kwa 200 za chuma. Fremu za madirisha, sawa kabisa. Grili ya kuzuia mwizi, hapana, msumeno wa mkono unaipita upesi. Na msifunge bati la stenlesi kwa ribiti za alumini, penye maji ya chumvi ribiti zinaliwa haraka.

Fundi_Cheche: Nyongeza kwa vijana wanaochomelea GI: ule moshi mweupe unaleta homa usiku. Maziwa hayazuii. Kwangua zinki kwanza, fanya kazi penye upepo, vaa barakoa ya moshi, si kitambaa.

MkaziKigamboni: Basi geti na grili chuma cha kuchovya, madirisha alumini, bawaba na komeo 316?

InjiniaMstaafu: Sawa, ila bawaba zitenganishe na geti kwa washa za plastiki, zisije zikala zinki.

Fundi_Cheche: Na rangi ya mafuta usipake moja kwa moja juu ya zinki, itabanduka. Tanguliza praima ya mabati.