Mnaosoma Berlin, daftari langu limejaa minara tu

Mgeni_wa_Wedding ameuliza:

Wakuu, habari za saa hizi. Niko Berlin, muhula wa kwanza, nasoma uzamili wa mipango miji. Kuna somo moja mwalimu anataka kila mmoja wetu awe na daftari, kila wiki kurasa mbili za mambo ya kawaida aliyoyaona mtaani. Wiki ya kwanza nimeandika Lango la Brandenburg, ule mnara wa televisheni wa Alexanderplatz na kipande cha Ukuta wa Berlin kilichobaki Bernauer Straße. Daftari limerudi na maneno mawili ya penseli pembeni: "Shuka chini." Mimi naona mnara wa mita 368 unastahili kuandikwa, ila mwenye alama ni yeye.

Shida ni kwamba siku zangu zinafanana. Asubuhi napanda U6, treni ya chini, darasani, maktaba, narudi giza limeshaingia. Kwenye treni kila mtu kainamia simu. Nyie mliokaa huku, macho yenu huwa yanatua wapi? Naomba vitu, si nasaha. "Kuwa mdadisi" nimeshaambiwa vya kutosha.

Naomba kuwasilisha.

Kamba_Fupi:

Anzia darasani, hata nje huna haja ya kutoka. Kwenye ratiba yako, kipindi cha saa 4 kikiwa na herufi c.t., mwalimu anaanza saa 4 na robo. Kikiwa na s.t., ni saa 4 kamili. Utaratibu wa vyuo vya huku tangu zamani, na hakuna anayekueleza, wanadhani umezaliwa unaujua.

Halafu mwisho wa kipindi hawapigi makofi, wanagonga meza kwa vifundo vya vidole. Angalia nani anaanza kugonga, na mwalimu anavyokusanya makaratasi kama vile hasikii. Hiyo nusu ukurasa tayari.

Baiskeli_ya_Mzigo:

Mkuu, mimi ada na kodi nilikuwa nalipa kwa kusambaza vifurushi kwa baiskeli, mitaa ya Neukölln na Kreuzberg. Nitakujibu kama mtu wa mizigo, maana mji huu nimeujulia mlangoni.

Kengele kwanza. Majengo mengi ya huku vyumba havina namba. Hakuna "chumba 14". Kuna ubao wa kengele wenye majina ya ukoo, basi. Barua haiendi kwa namba, inaenda kwa jina, na jina lisipokuwepo kwenye kengele na kwenye sanduku, barua inarudi ilikotoka. Sasa simama mbele ya ubao mmoja uusome vizuri. Kuna jina limechongwa kwenye bati, huyo kaingia zamani na hana mpango wa kuhama. Kuna lililochapwa na mwenye nyumba kwa herufi zinazofanana na za jirani. Kuna la kalamu kwenye plasta, limebandikwa juu ya plasta nyingine, na ya chini yake bado inasomeka kidogo. Kengele moja yenye majina manne ni wanafunzi wanaogawana kodi. Kabla hujapanda ngazi umeshajua nani anamiliki, nani anapanga, na nani kapangishwa na mpangaji.

Bonyeza kengele, ingia. Mbele yako kuna ua, nyuma ya ua kuna jengo jingine, pengine na ua mwingine tena. Hapo ndipo dereva mgeni anapopotea na kifurushi mkononi. Majengo haya ya karne ya 19 yalisongamanishwa ili kila kipande cha kiwanja kilipe kodi. Kanuni za ujenzi za mwaka 1853 zilitaka ua usipungue mita 5.34 kwa 5.34, nafasi ya kugeuzia mashine ya zimamoto. Mwanga na hewa havikuwa kwenye hesabu. Ukiingia kwenye ua wa namna hiyo saa sita mchana, tazama jua linaishia ghorofa ya ngapi, kisha uliza waliokaa chini walikuwa nani. Wewe wa mipango miji hapo hukosi la kuandika.

Namba za nyumba nazo zilinitesa sana. Kwenye mitaa mingi ya zamani zinapanda mfululizo upande mmoja, 1, 2, 3, 4 hadi mtaa unapokwisha, kisha zinavuka barabara na kurudi upande wa pili. Kwa hiyo namba 5 inaweza kutazamana na namba 170. Mitaa iliyopewa namba tangu 1929 ina witiri upande huu na shufwa upande ule. Kurfürstendamm, barabara ya maduka ya fahari, inaanzia namba 11. Moja hadi kumi zilikwenda na kipande kilichopewa jina la mtaa mwingine miaka ya 1920, na hakuna aliyejisumbua kuhesabu upya. Kwenye nguzo za majina ya mitaa kuna kibao kidogo kinachosema kipande hicho kina namba ngapi hadi ngapi. Mtalii hakioni. Msambazaji anakisoma kabla ya jina la mtaa.

Chini ya miguu: mbele ya milango mingi utakuta vibamba vya shaba vya sentimita 10 kwa 10, vimepandwa sawasawa na mawe ya njia. Vinaanza kwa maneno "hapa aliishi", kisha jina, mwaka wa kuzaliwa, siku aliyochukuliwa na Wanazi na mahali alipouawa. Ni kazi ya msanii Gunter Demnig, na hapa Berlin alianza kuvipanda mwaka 1996. Mimi nilivizoea kwa sababu ya kusubiri. Umebonyeza kengele, mtu anachelewa kujibu, juu una majina ya wanaokaa, chini una majina ya waliotolewa kwenye vyumba hivyo hivyo. Angalia kipi kinang'aa. Chenye kung'aa kuna mtu anakisugua, na mara nyingine ni mkazi wa jengo ambaye hana undugu wowote na marehemu.

La mwisho, kisha niwaachie wengine: mabomba ya rangi ya waridi yanayopita juu ya vichwa vya watu, yanapinda kila kona. Si sanaa. Maji ya ardhini Berlin yako karibu sana na uso wa ardhi, fundi akichimba msingi shimo linajaa, kwa hiyo yanavutwa na kupelekwa kwenye mfereji au mto Spree. Ukiona bomba la waridi, lifuate, mwisho mmoja una jengo jipya.

Zamu_ya_Usiku:

Kaka wa baiskeli kamaliza mchana, mimi niongeze usiku. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, narudi na tramu ya M10.

Jiulize kwanza kwa nini mashariki tramu zimejaa na magharibi hazionekani. Berlin Magharibi ilifunga njia yake ya mwisho ya tramu mwaka 1967, ikaamua kwenda na basi na treni ya chini. Mashariki waliziacha. Ukuta ulianguka 1989, lakini ramani ya tramu bado inakuonyesha nani alikuwa upande gani, ingawa tangu miaka ya 1990 baadhi ya njia zimevuka. M10 inapita hapo hapo Bernauer Straße ulipoandika habari za ukuta, kwa hiyo ungeweza kuandika reli badala yake.

Taa pia. Mwaka 2013 mwanaanga Chris Hadfield aliupiga picha mji huu usiku akiwa kituo cha anga, na mpaka wa zamani ukaonekana kwa rangi: mashariki rangi ya machungwa, magharibi nyeupe zaidi. Taa zinabadilishwa kidogo kidogo, wahi. Mitaa kadhaa ya magharibi bado ina taa za gesi. Simama chini ya moja uangalie mkono wako, kisha nenda chini ya taa ya umeme uangalie tena.

Yule mtu wa kuchorwa mwenye kofia kwenye taa za waenda kwa miguu achana naye. Kila mtu anamwandika.

Mzee_Kidevu:

Mnamfundisha kijana kutazama vyuma na mawe tu. Na watu je?

Jioni tembea bustanini uone chupa zimepangwa kando ya pipa, hazikutupwa ndani. Chupa nyingi za bia dukani zinarudisha senti 8, za plastiki na makopo senti 25. Aliyekunywa hana haja ya hizo senti, anamwachia mwenye haja asije akaingiza mkono kwenye taka. Kuna mzee mmoja mtaani kwangu anakuja na kitoroli na tochi. Anamulika kwanza, anaokota za plastiki peke yake na za glasi peke yake, glasi anazifunga na magazeti zisigongane, maana hataki kusikika. Sasa hapo kijana angalia, ila usimfuate na daftari mkononi. Mtu si kazi ya darasani.

Na kwa kuwa jina lako linasema unakaa mtaa wa Wedding: shuka U6 pale Rehberge au Afrikanische Straße. Utakuta Sansibarstraße, utakuta Tangastraße. Petersallee iliitwa kwa heshima ya Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani wa Afrika Mashariki, yule Mkono wa Damu. Mwaka 1986 wakasema hapana, jina ni la Peters mwingine, Hans, mwanasheria aliyewapinga Wanazi. Ujanja wa kubadilisha mtu bila kubadilisha kibao! Agosti 2024 ndipo kipande kimoja kikawa Anna-Mungunda-Allee, jina la mpigania uhuru wa Namibia, na kingine Maji-Maji-Allee. Kule Neukölln kwa mtu wa baiskeli, Wissmannstraße, jina la gavana wa kikoloni, imekuwa Lucy-Lameck-Straße, jina la mwanasiasa wa Tanzania, tangu 2021.

Baiskeli_ya_Mzigo:

Kweli kabisa, mzee. Na jina likibadilika kibao cha zamani huachwa kwa muda kando ya kipya, kimepigwa mstari mwekundu. Lucy-Lameck niliipelekea vifurushi vyenye anwani ya Wissmann miezi na miezi. Watu hawabadilishi anwani walizohifadhi kwenye maduka ya mtandaoni.

Mgeni_wa_Wedding:

Wakuu, nimeteremka sasa hivi kwenye kengele. Jina langu halipo. Kuna la mwenye chumba, na juu yake plasta ya mtu nisiyemjua. Kwenye sanduku ni hivyo hivyo. Halafu njiani kwenda dukani nimekuta pampu ya chuma ya kuvutia maji kwa mkono, mpini mrefu, imesimama kando ya barabara kama haina mwenyewe. Hiyo nayo ni nini? Na naweza kupiga picha ubao wa kengele niuweke kwenye daftari?

Zamu_ya_Usiku:

Pampu ni za dharura, mabomba yakikauka mtaa uwe na maji. Ziko kama 2,000 mji mzima. Usinywe, nyingi si maji ya kunywa. Kiangazi watu wanazitumia kumwagilia miti ya barabarani, na kila mti huo una namba yake, utafute kwenye shina.

Baiskeli_ya_Mzigo:

Ubao chora, usipige picha. Majina ya watu hayo, na hapa wanalichukulia jambo hilo kwa uzito. Andika "jina la bati", "jina la plasta", inatosha.

Lako libandike leo, kengeleni na kwenye sanduku, baada ya kumwambia mwenye chumba. Akisitasita, waandikie wote wanaokutumia barua waweke c/o (yaani "kupitia kwa") na jina lake chini ya lako. Barua ya kibali cha kuishi ikirudishwa utakuwa na mengi ya kuandika, ila si ya somo hilo.