Msaada: Herpesi ya jicho, mishipa ya damu imeota kwenye kioo

Baba Nuru: Wakuu, mke wangu jicho la kushoto ni jekundu, halistahimili mwanga. Hospitali wamesema virusi vya herpesi vimeingia ndani ya konea, kile kioo cha mbele, na mishipa ya damu imeanza kuotea humo. Kapewa vidonge vya asiklovia, dawa ya virusi, na matone ya prednisoloni, ambayo ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Jirani anasema steroidi inapofusha. Abaki na vidonge tu? Na hiyo mishipa imetoka wapi?

Tabibu_Macho: Pole mkuu. Konea yenye afya haina mshipa wa damu hata mmoja, ndiyo maana mwanga unapita. Ina protini inayokamata VEGF, kichocheo cha kuotesha mishipa, kabla hakijafanya kazi. Herpesi inavuruga hapo. Seli zinamwaga VEGF na kemikali za kuita chembe nyeupe za damu. Zikifika, kwa tulivyoona kwa panya wa maabara, vimeng'enya vyake vinaikatakata ile protini ya ulinzi. VEGF inabaki huru, mishipa inatambaa kutoka ukingoni. Ikishaota ni barabara: chembe nyeupe zaidi zinapita humo, maji na mafuta yanavuja, kioo kinafifia.

Kirusi kimeanzisha, ila sasa kinachoharibu zaidi ni kinga ya mwili wa mkeo mwenyewe. Asiklovia haiizimi. Steroidi ndiyo inaizima.

Mama Kijacho: Jirani hajakosea sana lakini. Steroidi bila dawa ya virusi, hasa kukiwa na kile kidonda cha juu ya konea chenye umbo la matawi, inakipa kirusi uwanja. Watu wananunua matone famasi bila hata kupimwa, jicho jekundu lolote wanatia!

Tabibu_Macho: Kweli kabisa. Kwa hiyo vyote viwili pamoja, apimwe presha ya jicho, na matone yapunguzwe taratibu na daktari. Akiacha ghafla uvimbe unarudi.

Baba Nuru: Nimeelewa. Jicho litapona moja kwa moja?

Tabibu_Macho: Kirusi kinabaki kimelala kwenye neva ya hisia za uso. Utafiti wa Marekani wa 1998 ulitumia asiklovia 400 mg mara mbili kwa siku kwa miezi 12: waliorudiwa na ugonjwa wa jicho walikuwa 19%, dhidi ya 32% kwa wasiopewa. Muulize daktari kama inamfaa, maana kila ukirudi mishipa inaongezeka, na konea yenye mishipa ikija kupandikizwa mwili huikataa kirahisi zaidi.

Baba Nuru: Ahsante mkuu. Jumatatu tuna kliniki, naanza na hiyo presha.