Mama ana magoti na presha: diklofenaki anywe vipi?

BintiMakorora
Assalamu alaykum ndugu zangu. Mama ana miaka 68, magoti yote mawili yamechakaa, picha imeonyesha gegedu limelika. Asubuhi anakakamaa kama dakika kumi hivi, kisha anafunguka. Kusujudu hawezi tena, anaswali kwenye kiti. Dawa zake za presha ni losatani 50 na haidroklorothiazaidi 25, pamoja na aspirini ndogo ya 75. Duka la dawa limempa diklofenaki 50 kutwa mara tatu, na maumivu yakizidi anaongeza Diclopar. Naomba kujua: ni salama? Anywe kwa muda gani? Na je, sindano si nafuu kwa tumbo lake? Ramadhani inakaribia na kufunga hataki kuacha.

Mfamasia_Ngamiani
Wa alaykum salaam dada. Kwanza Diclopar iondoke leo hii. Ndani yake mna diklofenaki na parasetamoli, kwa hiyo mama anarudia dawa ileile kwa jina jingine. Kikomo cha diklofenaki ni 150 mg kwa siku, na vidonge vitatu vya 50 vimeshafika hapo.

Linalonitia hofu zaidi ni zile dawa za presha. Figo huchuja damu kwa msukumo. Losatani hulegeza mshipa unaotoka kwenye kichujio, haidroklorothiazaidi hupunguza maji mwilini, na diklofenaki hubana mshipa unaoingia. Zikikutana zote tatu, msukumo unashuka, na figo za mtu wa umri huo zinaweza kugoma ndani ya siku chache, hasa akiharisha, akitapika au akishinda bila maji. Juu ya hayo, diklofenaki yenyewe hupandisha presha. Wazee wengi huongezewa dawa ya presha kliniki kwa sababu hakuna aliyeuliza wanameza nini kwa ajili ya magoti.

Aspirini nayo, aliandikiwa kwa sababu gani? Kama aliwahi kupata kiharusi au ana ugonjwa wa mishipa ya moyo, diklofenaki haimfai kabisa, na hiyo aspirini asiiache bila daktari wake. Kama alianza tu kwa kuwa umri umekwenda, mwulizeni daktari kama bado anaihitaji. Aspirini na diklofenaki pamoja huongeza sana hatari ya tumbo kutoka damu.

Badala yake aanze na jeli ya diklofenaki ya asilimia 1. Inayofika kwenye damu ni kidogo, takriban asilimia 6 ya ile ya kidonge. Wengi husema jeli haifanyi kazi kwa sababu wanapaka kidogo mno. Kila goti linataka gramu 2 hadi 4, mara tatu au nne kwa siku. Ukiikamua kwenye kidole cha shahada, kuanzia kiungo cha mwisho hadi nchani, hiyo ni kama nusu gramu. Basi gramu 2 ni ncha nne. Kwa magoti mawili, mara tatu kwa siku, ni gramu 12, na tyubu ya gramu 30 haimalizi siku tatu. Pangeni bajeti mapema, mpeni wiki mbili kabla ya kuamua kama imemsaidia. Asipake penye kidonda, asifunge bandeji ya kubana, asichanganye na dawa za kuchua zenye pilipili, na anawe mikono.

Pamoja na jeli, parasetamoli ya 500: vidonge viwili kila baada ya saa nne hadi sita, visizidi vinane kwa siku. Akiwa chini ya kilo 50 au ana shida ya ini, dozi ipungue, mwulizeni mfamasia.

Ikibidi arudi kwenye vidonge vya kundi la diklofenaki, iwe baada ya kupimwa presha, kreatinini (kipimo cha figo) na potasiamu (chumvi ya damu), kwa dozi ndogo na siku chache, na omeprazoli 20 mg (dawa ya kupunguza asidi ya tumbo) nusu saa kabla ya chai ya asubuhi kwa siku zote anazomeza. Kidonge chenye ganda maalumu kimezwe kizima, kisisagwe. Kula kwanza kunapunguza kiungulia tu, kidonda cha tumbo hakukizuii.

Nesi_Pongwe
Naongezea hapo kwenye sindano. Dawa hii haidhuru tumbo kwa kuligusa tu. Ikishaingia kwenye damu, inazuia mwili kutengeneza prostaglandini, na ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo. Kwa hiyo sindano au kidonge cha njia ya haja kubwa, madhara ni yaleyale. Sindano ya tako ina yake zaidi: inaweza kuleta jipu au kugusa mshipa wa fahamu, mguu ukabaki na ganzi.

Tafadhali dada, mama asipokee vidonge vya kuchanganya kwenye kipakiti kisicho na jina. Omba kuona boksi. Brufen, diklofenaki, meloksikamu, piroksikamu, indomethasini: yote ni kundi moja, hayachanganywi. Na unga wa "dawa ya viungo" unaotuliza kila kitu usiku mmoja utilieni shaka, maana mingine huwekwa kwa siri prednisoloni au deksamethasoni, dawa kali za steroidi. Uso unajaa, sukari inapanda. Aliyeutumia kwa wiki kadhaa asiukate ghafla, aende nao hospitali.

Choo kikiwa cheusi kama lami, au akitapika vitu mithili ya machicha ya kahawa, msingoje kuche. Mpelekeni usiku uleule. Mkojo ukipungua, miguu ikivimba au akikosa pumzi, vivyo hivyo.

BintiMakorora
Allah awalipe kheri. Basi vidonge vyote viwili nimwachishe leo? Na Ramadhani tufanyeje?

Mfamasia_Ngamiani
Ndiyo, diklofenaki na Diclopar anaweza kuziacha leo bila kupunguza polepole. Za presha aendelee nazo, na presha ipimwe tena baada ya wiki moja.

Mwezi wa Ramadhani, kukaa mchana kutwa bila maji huku yuko kwenye haidroklorothiazaidi, kisha ameze diklofenaki, ndiyo hali mbaya kuliko zote. Parasetamoli anywe vidonge viwili wakati wa futari, viwili saa tano usiku, viwili saa kumi alfajiri kwenye daku. Zipishane angalau saa nne. Jeli apake hata mchana; masheikh wengi hawaoni kuwa kupaka ngozi kunafunguza. Maji ayagawe kuanzia futari hadi daku, asiyasubirie yote daku. Nendeni kwa daktari kabla ya mwezi kuandama, aamue dawa za presha azinywe saa ngapi.

Fizio_Raskazone
Dawa peke yake haitoshi kwa magoti haya. Aketi kwenye kiti, anyooshe mguu mmoja, aukaze hivyo kwa sekunde tano, ashushe taratibu. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Fimbo aishike upande wa goti lililo zima zaidi. Wengi huishika upande unaouma, na haisaidii. Kiti cha kuswalia kiwe cha urefu wa magoti yake au zaidi kidogo.

Ila kama ukakamavu wa asubuhi ungekuwa unazidi nusu saa, na vidole vya mikono vinavimba pande zote mbili, huo ungekuwa ugonjwa mwingine wenye dawa zake, na kuchelewa kunaharibu viungo.

Nesi_Pongwe
Jambo moja nimelisahau, na kwa watu wa Pwani ni kubwa. Akipata homa ya ghafla na viungo vyote vinauma, asidhani ni magoti yamezidi. Dengi ilitupata hapa Tanga mwaka 2019. Mpaka apimwe malaria na dengi, atumie parasetamoli tu; Brufen na diklofenaki zinaongeza hatari ya kutoka damu. Na aspirini yake mwambieni daktari siku hiyohiyo.