Ngoma za Wamiao zikipelekwa jukwaani, kinachohifadhiwa ni nini?

Swali
Habari zenu, wapenzi wa ngoma. Ngoma kadhaa za Wamiao wa mkoa wa Guizhou, kusini magharibi mwa China, ikiwamo ile ya kijiji cha Fanpai, ziliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya taifa ya urithi wa utamaduni. Hata hivyo, vijana wengi wamehamia viwandani katika mkoa wa Guangdong, na inayoonekana zaidi sasa ni ile inayochezewa watalii, kama katika kijiji cha Xijiang. Je, huko ngoma imehifadhiwa, au yamehifadhiwa mavazi na mapambo ya fedha tu?

Jibu la 1
Mimi ningeanza na kalenda. Lusheng, ala ya mianzi ambayo wanaume huipuliza huku wakiongoza duara, katika vijiji vingi ilikuwa mwiko kuipiga tangu mpunga upandwe hadi uvunwe, kwa hiyo iliposikika tena watu walijua kwamba msimu wa sherehe na uchumba umewadia. Onyesho la kila siku haliwezi kuushika mwiko huo. Hatua zinaweza kuwa sahihi kabisa, lakini kule kungoja kumetoweka.

Jibu la 2
Naiheshimu hoja hiyo, ila tusiwalaumu wanaocheza kwa malipo. Kijana anayepata riziki kijijini kwao ndiye atakayekuwapo siku ya sherehe yenyewe. Hofu yangu kubwa ni ala. Ndani ya mianzi ya lusheng mna vilimi vyembamba vya shaba ambavyo fundi huvirekebisha kwa sikio, na ufundi huo haujifunzwi kwa mwezi mmoja. Katika ngoma ya wilaya ya Danzhai, hukohuko Guizhou, ambamo wanawake huiga mwendo wa ndege fezanti, mpulizaji na wachezaji hutazamana. Muziki uliorekodiwa haumtazami mtu.

Jibu la 3
Lugha yetu ina neno moja, ngoma, kwa chombo, kwa mchezo na kwa shughuli nzima, na nadhani Wamiao wa kusini mashariki mwa Guizhou wangetuelewa upesi. Kwao gogo lililowambwa ngozi ni makao ya roho za wahenga, na sherehe kuu ya Guzang, inayowaenzi wahenga hao, hurudi baada ya miaka 12 hivi. Anayefundishwa hatua akiwa na umri wa miaka 10 asipoelezwa gogo lile ni la nani, atakuwa mtu mzima Guzang ya pili ikifika, na hatakuwa na la kumwambia mwanawe.