Depo za mbao Goma, mutatuuzia mbao mbichi kwa bei ya kavu mpaka lini??

Bandugu, niko na hasira na leo naandika yote. Mama mukubwa alinunua shevro (mbao ya kushikilia mabati) za kalitusi kwa depo moja hapa muji, muuzaji anamuapia ni kavu kabisa, fundi akapandisha sharpante (mifupa ya paa), akapigilia mabati. Mvua kidogo, jua kidogo, shevro zikaanza kujikunja kila moja na upande yake, misumari inangoka, bati inanyanyuka, sasa maji inatonea juu ya kitanda. Akirudi depo banamujibu "mama, mbao njo vile inafanyaka". Hapana!! Mbao kavu haifanyaka vile.

Muti wenye banaangusha juzi umejaa maji. Maji ikishuka chini ya karibu 30 kwa mia njo mbao inaanza kusinyaa, na haisinyae sawasawa: kufuata zile duara za muti inasinyaa karibu mara mbili kuliko kutoka moyo kwenda ganda, njo maana inapinda. Kalitusi iko mbaya zaidi juu inajibana ndani tangu ikiwa hai, unaikata tu, mwisho inapasuka mbele ya macho yako. Kwa sharpante ilipaswa ipangwe mu kivuli, vijiti kati kati hewa ipite, ingojee mpaka maji ifike 15 ao 18 kwa mia. Depo gani hapa inangojea? Lori inashusha asubuhi, magaribi imeisha, na mukigusa mwisho ya mbao mukono inalowa. Kwa kofraji (mbao ya kumwangia beton) na miti ya kushikilia dale ya beton sina neno, pale ni kazi ya muda. Lakini paa ya mutu??

Tena kipimo. Banasema shevro ya santimita 7 kwa 7. Mi nimeweka metre mwenyewe: 6 na nusu upande moja, 5 na nusu upande ingine. Munasema ni kidogo? Ugumu wa mbao kwa kupinda unafuata kimo mara kimo mara kimo, 5 na nusu ikikaa kama kimo, hiyo shevro haifike hata nusu ya ile yenye mulilipia. Pesa ya 7 imetoka yote.

Na Libuyu yao sasa, ile mbao nyekundu, hapo njo nachemka kabisa. Nimekwangua na kisu: juu nyekundu, chini nyeupe. Ni mbao ya upande wa ganda, ile yenye wanga, yenye badudu banapenda, banaipaka vidanje (mafuta chafu ya motere) ionekane kama moyo wa muti! Na vidanje haiingie ndani, inabakia juu juu tu. Huo ni wizi, sina jina ingine.

Kule Ufaransa na Ubelgiji mbao ya sharpante inapigwa tampon (muhuri) ya daraja yake ya nguvu, C18, C24, ile 24 ni nguvu yake ya kupinda, niutoni 24 kwa milimita mraba, mununuzi anasoma na analipa yenye anasoma. Sisi hata alama ya chaki hakuna. Na hapa kwetu tangu volkano ya 2002 batu ngapi banalala mu nyumba za mbao, kuta mbao, paa mbao!

Bale ba depo mwenye munasoma hapa, mujibu: mbao zenu zilikatwa lini, na juu ya nini mutu akitosha metre munakasirika? Na mwenye anajua depo yenye inakausha kweli aweke hapa, mama mukubwa anapaswa kubadilisha shevro zote mbele ya mvua kurudi.