Mnaotunza mifumo ya watu, acheni kubandika nywila ya kanzidata kwenye skripti!

Wakuu, leo mnivumilie, nimechefukwa.

Kuna kampuni tumeipa kazi ya kutunza mfumo wetu wa mauzo. Nimefungua skripti yao ya bakapu ya kila usiku, nikakuta mysqldump (amri ya kuchukua nakala ya kanzidata ya MySQL) -u root, kisha -p na nywila imebandikwa pale pale. Root, mtumiaji mwenye mamlaka yote! Wa kuchukua nakala tu anapewa funguo za nyumba nzima? Faili lenyewe lina ruhusa 755, yaani kila mwenye akaunti kwenye seva analisoma. Na limo kwenye Git, inayotunza kila toleo la faili, kwa hiyo hata wakilifuta leo, historia inalo.

Namuuliza fundi wao, ananijibu: "Mkuu, hiyo seva ya ndani, nani ataona?" Nani? Kwenye Linux ya kawaida, mtumiaji yeyote akipiga ps, amri ya kuorodhesha programu zinazoendeshwa, anaona amri za wenzake. MySQL hujitahidi kuifunika nywila kwa herufi x, lakini kwa muda mfupi inakuwa imeshaonekana. Ukiichapa kwa mkono ndiyo kabisa, inakaa kwenye .bash_history, faili linalotunza amri ulizochapa.

Sasa sikieni kituko chenyewe. Tangu toleo la 5.6, MySQL hutoa onyo kwamba nywila kwenye amri si salama. Jamaa wakaona onyo linawasumbua, wakaweka 2>/dev/null, yaani maonyo na makosa yote yatupwe. Mlango huo huo ndio unaopitisha makosa ya kweli! Fundi wao mmoja alipoacha kazi wakabadilisha nywila, skripti wakaisahau. Kila usiku kanzidata inawakatalia, hakuna anayesikia, na gzip, programu ya kubana mafaili, inaendelea kutoa mafaili yenye tarehe safi kabisa. Baiti 20 kila moja. Hewa tupu!

Na dawa yake wala si ngeni. Mtumiaji wa bakapu peke yake, nywila kwenye faili lenye chmod 600 (mwenyewe tu ndiye anayelisoma), na --defaults-extra-file, inayoielekeza amri kwenye faili hilo, iwe ya kwanza baada ya jina la amri. PostgreSQL, kanzidata nyingine, ina faili lake la nywila, .pgpass, tena ile ni kali: wengine wakiweza kuisoma, inaipuuza. (Mnaohifadhi nywila kwa mysql_config_editor ya MySQL msijidanganye, ile inaficha tu machoni.)

Leo wametuma ankara ya "kuimarisha usalama", na bosi anataka kulipa. Mliowahi kuvutana na makandarasi wa aina hii, mliwabana kwa kifungu gani cha mkataba?