Mjadala: Ardhi ya kituo kikubwa cha umeme wa jua iuzwe au ikodishwe?

Ndugu zangu, mwenzetu aliyetangulia ametoa hoja kwamba ardhi kame isiyolimwa ndiyo inayofaa kwa kituo kikubwa cha umeme wa jua, kwa kuwa hakuna anayeitumia, na kwamba iuzwe kwa mkataba. Kuhusu kituo namuunga mkono. Kuhusu ardhi sikubaliani naye. Eneo linaloonekana tupu wakati mifugo iko kwingine ndilo huwa akiba ya malisho kiangazi kinapokaza, na mfugaji hana desturi ya kujenga ukuta ili kuthibitisha kwamba ni lake.

Ukubwa wenyewe si wa kupuuzwa. Kituo cha Garissa nchini Kenya, kilichozinduliwa mwaka 2019, kina uwezo wa megawati 50 na kimechukua hekta 85; kile cha Bhadla nchini India, chenye zaidi ya megawati 2,200, kimeenea kwenye hekta zipatazo 5,700. Uzio wa kiasi hicho ukikata njia ya kwenda kisimani, mchungaji huzunguka nusu siku.

Rai yangu ni kwamba ardhi ikodishwe, isiuzwe. Paneli hukadiriwa kudumu miaka 25 hadi 30, na nguzo zake za chuma mara nyingi hupigiliwa ardhini bila zege, kwa hiyo zinang'oleka. Iweje basi mwenye ardhi aipoteze moja kwa moja? Mkataba utaje pia atakayegharamia kuzing'oa, na fedha hizo zitengwe mapema, maana kampuni inaweza kufilisika kabla ya siku hiyo kufika.

Wala si lazima uzio ufungie malisho yote. Maji ya mvua, na yale ya kuoshea vumbi, hutiririka hadi ukingo wa chini wa paneli na kudondokea mstari mmoja, ambapo nyasi zinaweza kuota mbichi kuliko kwingine. Ujerumani na Australia kuna vituo ambavyo kondoo huchungwa humo humo, na mwendeshaji akaokoa gharama ya kufyeka. (Mbuzi ni kesi nyingine, kwani hupanda juu ya paneli na kutafuna nyaya.)

Limebaki suala la umeme wenyewe, ambao huondoka kituoni kwa msongo mkubwa na kupita juu ya majirani bila kuwashukia. Pasipo transfoma ya kuupunguza msongo na laini ya kuusambaza, jirani ataendelea kuwasha kibatari chini ya waya. Je, mkataba anaoutetea mwenzetu unataja lolote kati ya haya?